Kabla Hujabonyeza "Kubali": Simu Yako, Siri Zako na Kazi za Watu

Mkazi wa kaunti hii anaweza leo kuomba mkopo akiwa shambani, kuita bodaboda akiwa mlangoni pake na kulipia mboga sokoni bila kugusa noti, yote kwa simu moja. Manufaa hayo ni ya kweli. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwezi Machi 2007, simu imekuwa benki, duka, stendi na ofisi ya watu wengi ambao hapo awali walilazimika kusafiri na kupanga foleni. Hata hivyo, karibu kila huduma mpya huanza kwa swali dogo linalotokea kwenye skrini: je, unakubali? Wengi wetu hubonyeza kabla ya kusoma, kwa sababu tuna haraka na shida iko mbele yetu.

Makala haya yanaeleza kinachotolewa mtu anapobonyeza "Kubali", ni nani anayeguswa na kubonyeza huko, na sheria za Kenya zinampa mwananchi nguvu gani hata baada ya kukubali. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kukubali si kuuza. Data yako inabaki kuwa yako, na unaweza kuuliza, kukataa, kubadilisha nia na kulalamika.

Simu inajua nini kukuhusu?

Simu ya kisasa ina kamera, maikrofoni na uwezo wa kuonyesha mahali ulipo. Ndani yake mna picha za familia, jumbe, orodha ya majina na nambari, na kumbukumbu za pesa ulizopokea na kutuma. Programu unayopakua haipati vitu hivyo vyote yenyewe. Huomba ruhusa, na wewe ndiwe unayeitoa au kuinyima.

Baadhi ya ruhusa zina maana. Programu ya ramani haiwezi kukuelekeza bila kujua ulipo. Programu ya kupiga picha haiwezi kufanya kazi bila kamera. Lakini programu ya tochi haihitaji orodha ya watu unaowasiliana nao, na mchezo wa mtoto hauhitaji kusoma jumbe zako. Ukiona programu inaomba kitu kisichohusiana na kazi yake, hiyo ni dalili kwamba inakusanya taarifa kwa sababu nyingine. Huenda ni kwa ajili ya matangazo ya biashara, au kukupima kama mteja, au kuwapa watu wengine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema data binafsi ni taarifa yoyote inayohusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Jina lako ni data binafsi. Nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, picha na mahali ulipo pia ni data binafsi. Taarifa nyingine huitwa data nyeti na hulindwa kwa ukali zaidi. Miongoni mwake ni hali ya afya, alama za mwili kama za vidole na macho, asili ya kikabila, imani, hali ya ndoa, mali, na majina ya watoto, wazazi au mwenzi wako.

Msingi wa sheria hiyo ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi pasipo haja, na haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa.

Mkopo wa simu: nambari zilizo kwenye simu yako si zako peke yako

Mfano unaowagusa wakazi wengi ni mikopo ya simu. Mkopeshaji asiyekujua na asiyetaka hati ya shamba hutafuta njia nyingine ya kupima kama utalipa. Kwa miaka kadhaa, programu nyingi za mikopo zilikuwa zikiomba ruhusa ya kusoma jumbe za simu ili kuona pesa zinazoingia na kutoka, pamoja na ruhusa ya kunakili orodha nzima ya majina na nambari.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu aliyechelewa kulipa alianza kusikia kutoka kwa mwajiri, mwenyekiti wa chama, mchungaji au mkwe kwamba wamepigiwa simu kuhusu deni lake. Wengine walipokea vitisho na matusi. Deni la shilingi elfu chache likawa jambo la kumvunjia mtu heshima mbele ya watu anaotegemeana nao kila siku. Na wale waliopigiwa simu hawakuwa wamekopa, hawakuwa wadhamini, wala hawakuwahi kubonyeza chochote. Nambari zao zilichukuliwa kwa sababu tu zilikuwa kwenye simu ya jirani.

Hili ni jambo ambalo wengi hatulifikirii. Ukitoa ruhusa ya orodha ya majina, hutoi siri zako peke yako. Unatoa pia nambari za mama yako, mwalimu wa mtoto wako, mteja wako na daktari wako, na hao wote hawakuulizwa.

Serikali ilichukua hatua. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa mwishoni mwa mwaka 2021 ili wakopeshaji wa kidijitali wahitaji leseni, na kanuni za kuwasimamia zikachapishwa mwezi Machi 2022. Kanuni hizo zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho, lugha chafu au kumwaibisha mdaiwa hadharani, na zinamkataza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mteja ili kudai deni. Pia zinamtaka mkopeshaji amweleze mteja masharti na gharama zote kabla ya kumpa mkopo.

Kuanzia Mei 31, 2023, kampuni ya Google nayo ilikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake la Play Store kusoma orodha ya majina na picha za mteja. Zingatia jambo moja hapa. Katazo hilo linahusu programu zilizo kwenye duka hilo. Programu unayopakua kupitia kiungo ulichotumiwa kwa ujumbe au kwenye kundi la WhatsApp haijapitia ukaguzi huo.

Mwezi Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu walizozipata kwa wengine kuwatumia jumbe za vitisho na kuwapigia simu. Watu waliolalamika walikuwa wananchi wa kawaida.

Jinsi skrini inavyopangwa ili ukubali

Watu wanaotengeneza programu wanajua kwamba mtu huchoka kusoma, na muundo wa skrini unaweza kutumia uchovu huo. Kitufe cha "Kubali" huwa kikubwa na chenye rangi ya kung'aa, lakini cha kukataa huwa kidogo, cha kijivu, au kimefichwa kwenye ukurasa wa pili. Kisanduku cha kupokea matangazo huwa kimeshawekwa alama kabla hujafika. Masharti huwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, kwa maandishi madogo. Kujiunga huchukua dakika mbili, lakini kujiondoa hukutaka uandike barua pepe na kusubiri.

Baadhi ya programu hukuuliza jambo lile lile mara kwa mara hadi uchoke na kukubali. Nyingine hukuonyesha saa inayohesabu kurudi nyuma ili uamini kwamba nafasi inakupita. Mipango hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, kwa kuwa mtu akiharakishwa hatoi uamuzi aliokuwa ameukusudia.

Sheria yetu haihesabu kila kubonyeza kuwa ni ridhaa. Ili ridhaa iwe halali, ni lazima itolewe kwa hiari na kwa uwazi, ihusu jambo mahususi, na mtu awe ameelezwa data yake itatumikaje. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa kampuni, si kwako. Na hata ukiwa ulikubali mwaka jana, unaweza kuondoa ridhaa yako leo.

Mfano wa jicho: Worldcoin

Wakenya walipata somo kubwa mwaka 2023. Mradi wa Worldcoin ulizinduliwa rasmi mwezi Julai, na watu wengi wakapanga foleni, Nairobi zaidi, mashine ya duara ichukue picha ya mboni za macho yao. Kwa kufanya hivyo walipewa sarafu za kidijitali zilizokadiriwa wakati huo kuwa na thamani ya karibu shilingi 7,000. Mnamo Agosti 2, 2023, serikali ilisimamisha shughuli hiyo.

Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu, na mwezi Mei 2025 mahakama ikaamuru data za mwili zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku 7 chini ya uangalizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mahakama iligundua kwamba tathmini ya athari inayotakiwa kisheria kabla ya kukusanya data ya aina hiyo haikufanywa ipasavyo, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa sarafu haikuwa halali.

Nambari ya siri ikiibwa, unaibadilisha. Simu ikipotea, unanunua nyingine. Mboni ya jicho haibadilishwi, na ndiyo sababu alama za mwili zimewekwa katika kundi la data nyeti. Mtu akikuahidi pesa au zawadi ili achukue alama za vidole, uso au macho yako, muulize kwanza ni nani, data itawekwa wapi, itatumika kwa nini na itafutwa lini. Kama hawezi kujibu, ondoka.

Nyuma ya skrini kuna watu wanaofanya kazi

Mazungumzo kuhusu teknolojia mara nyingi huishia kwa mteja. Lakini huduma tunazozipata kwa kubonyeza mara moja hutegemea kazi za watu, na wengi wao ni vijana wa Kenya.

Chukua dereva au mhudumu wa bodaboda anayepata wateja kupitia programu. Mahali alipo hufuatiliwa muda wote awapo kazini. Mashine ndiyo huamua ni nani apewe safari na kwa nauli gani. Nyota anazopewa na abiria huamua kama ataendelea kupata kazi, na akaunti yake inaweza kufungwa bila kuzungumza na mtu. Abiria anayebonyeza nyota moja kwa sababu ya mvua au msongamano wa magari huenda asijue kwamba anagusa riziki ya mtu. Kwa upande wa kamisheni, kanuni za mwaka 2022 zinazosimamia kampuni za usafiri wa programu ziliweka kikomo cha asilimia 18 ambacho kampuni inaweza kukata.

Sheria ya Ulinzi wa Data inamkinga mfanyakazi wa namna hiyo pia. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Uamuzi kama huo ukifanywa, kampuni inapaswa kumjulisha kwa maandishi, na anaweza kuomba uangaliwe upya au ufanywe uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee. Haki hiyo inamhusu dereva aliyefungiwa akaunti, na inamhusu pia mkulima aliyenyimwa mkopo bila sababu kuelezwa.

Kazi nyingine haionekani kabisa. Picha na video za kikatili hazitoweki zenyewe kwenye mitandao ya kijamii. Kuna watu wanaozitazama na kuamua ziondolewe. Mwezi Februari 2022, jarida la TIME la Marekani lilichapisha taarifa kuhusu vijana waliokuwa wakifanya kazi hiyo jijini Nairobi, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, kwa ajili ya mtandao wa Facebook. Mwezi Mei mwaka huo Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hapo, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka 2023 wafanyakazi wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Kampuni hizo zilipinga kesi hizo. Mwezi Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Mwezi Desemba 2024 ilifahamika kwamba ripoti za daktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walikuwa na maradhi ya akili yanayotokana na kuona mambo ya kutisha.

Hata programu za akili unde zinazojibu maswali zilifunzwa kwa jasho la namna hiyo. Mwezi Januari 2023 jarida hilo hilo liliripoti kwamba vijana wa Nairobi waliopanga maandishi machafu ili mfumo wa ChatGPT ujifunze kuyaepuka walilipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa.

Kwa nini mkazi wa kaunti ajali mambo hayo? Kwa sababu watoto wetu wanaotoka vyuoni ndio wanaotafuta kazi hizo, na nyingi hufanyika kwa simu au kompyuta mahali popote penye intaneti. Kijana anayepewa kazi ya mtandaoni asome mkataba kabla ya kutia saini. Aulize atalipwa kwa saa au kwa kipande, kama kuna huduma ya ushauri nasaha, na kama anazuiwa kumweleza yeyote kuhusu kazi yake. Mkataba wa kutunza siri za mteja ni jambo la kawaida, lakini haupaswi kumzuia mtu kwenda kwa daktari, kwa wakili au mahakamani.

Picha za watoto na picha za burudani

Faini za Septemba 2023 hazikuishia kwa kampuni ya mikopo. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Baa moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao wa kijamii bila idhini yake.

Sheria inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na matumizi hayo yawe kwa manufaa ya mtoto. Mwenye shule ya chekechea, kituo cha watoto au timu ya mpira ya kijiji anayetaka kuweka picha kwenye ukurasa wake awaombe wazazi ruhusa kwa maandishi kwanza. Nasi wazazi tujiulize kabla ya kutuma picha ya mtoto akiwa na sare, jina la shule na mahali tunapoishi.

Serikali ya Kaunti nayo inafungwa na sheria hii

Ofisi za umma hukusanya data nyingi: rejista za hospitali, fomu za basari, maombi ya leseni za biashara, orodha za wakulima wanaopokea pembejeo. Sheria ya mwaka 2019 haikuziacha nje. Ukifika katika ofisi ya kaunti na kuombwa taarifa, una haki ya kuelezwa kwa nini inahitajika na itatumikaje. Kinachostahili kuombwa ni kile tu kinachohitajika kwa huduma hiyo. Muuguzi anahitaji kujua maradhi yako, lakini watu walio kwenye foleni hawahitaji. Ofisa anayepiga picha barazani anapaswa kueleza picha zitakwenda wapi, na asiyetaka kupigwa picha ana haki ya kusema hivyo na bado akahudumiwa.

Unaweza kufanya nini leo kwenye simu yako?

1. Kagua ruhusa. Kwenye simu nyingi za Android zilizowekwa Kiswahili, fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua programu, kisha Ruhusa. Ondoa ruhusa isiyohusiana na kazi ya programu hiyo. Kama programu inahitaji kujua ulipo, chagua iruhusiwe wakati unaitumia tu.

2. Ondoa programu usizotumia. Kama ulifungua akaunti, ifunge kwanza, ndipo uondoe programu.

3. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji ana leseni. Orodha ya wenye leseni huchapishwa kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, www.centralbank.go.ke. Linganisha jina la kampuni, si jina la programu pekee.

4. Piga *106# ili uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu husika uikane.

5. Nambari ya siri usimpe mtu yeyote, awe wakala, jamaa au anayejiita mhudumu wa kampuni. Mteja wa Safaricom akipokea ujumbe wa ulaghai anaweza kuutuma kwa 333.

6. Wasaidie wazee. Mzazi anayemwomba kijana amfungulie programu aelezwe kila ruhusa kabla haijakubaliwa kwa niaba yake.

Data yako ikitumiwa vibaya

Hatua ya kwanza ni kutunza ushahidi. Usifute ujumbe wa matusi kwa hasira. Piga picha ya skrini, andika tarehe, saa, nambari iliyopiga, jina la programu na jina la kampuni. Kama jirani yako amesumbuliwa kwa ajili yako, mwombe naye atunze ujumbe aliopokea.

Hatua ya pili ni kuiandikia kampuni. Unaweza kuomba kuona data waliyo nayo kukuhusu, na kanuni za mwaka 2021 zinaitaka ijibu ombi hilo ndani ya siku 7. Unaweza kuomba taarifa isiyo sahihi irekebishwe, au data isiyostahili kuwepo ifutwe, na hayo yana muda wa siku 14. Barua pepe fupi inatosha, na si lazima uwe na wakili.

Hatua ya tatu ni kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fomu iko kwenye tovuti ya www.odpc.go.ke. Afisi hiyo iko Nairobi na ina ofisi za kanda, zikiwemo za Mombasa, Kisumu na Nakuru. Asiyeweza kuandika anaweza kulalamika kwa mdomo, na afisi inapaswa kuyaandika malalamiko yake. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mbali na faini, mtu aliyeumia ana haki ya kudai fidia.

Ukitishiwa maisha au kuumizwa, usisubiri barua pepe. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na uhakikishe umepewa nambari ya OB.

Maswali ambayo wakazi huuliza

Nikifuta programu kwenye simu, data yangu imefutika?
Hapana. Umeondoa programu kwenye simu yako, lakini data iliyokwisha kuchukuliwa imebaki kwenye mitambo ya kampuni. Ni lazima uombe ifutwe.

Nikiomba data yangu ifutwe, deni langu linaisha?
Haliishi. Deni ni deni, na kampuni inaruhusiwa kutunza kumbukumbu inazohitaji kisheria. Lakini kuwa na deni hakumpi mtu ruhusa ya kukutukana au kuwapigia jamaa zako.

Ninapigiwa simu kwa ajili ya deni la rafiki yangu, nami si mdhamini. Nifanye nini?
Lalamika kwa jina lako mwenyewe. Nambari yako ni data yako, na haki uliyo nayo ni sawa na ya aliyekopa.

Mlinzi langoni anataka kuandika nambari ya kitambulisho changu kwenye daftari. Nimpe?
Usalama wa jengo ni sababu halali ya kuuliza wewe ni nani. Hata hivyo, wenye jengo wanapaswa kukueleza kwa nini wanachukua nambari hiyo na itatunzwa kwa muda gani. Daftari lililoachwa wazi mezani, kila anayeingia akisoma nambari za simu za waliotangulia, halitunzi siri za mtu.

Mtoto wangu wa miaka 12 amefungua akaunti kwa simu yangu. Nina haki gani?
Wewe kama mzazi ndiwe unayetoa ridhaa kwa niaba yake. Unaweza kuiandikia kampuni na kutaka akaunti ifungwe na data ya mtoto ifutwe.

Malalamiko yanaweza kuanza na mtu mmoja aliyetunza ujumbe na kuuliza, "Mlipata wapi nambari yangu?" Kila mkazi ana haki ya kuuliza swali hilo, na kampuni inawajibika kulijibu.